Uzi: "When the Levee Breaks", dramu za kwenye ngazi na watu waliolala juu ya tuta

Mzee wa Kanda (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Leo nataka tukae kwenye wimbo mmoja tu. Najua wengi humu mkisikia Led Zeppelin, ile bendi ya roki ya Uingereza, mnakimbilia "Stairway to Heaven". Huo upo kwenye albamu hii hii, ile ya nne isiyo na jina iliyotoka Novemba 1971, na mimi nauacha hapo hapo ulipo. Ninaoutaka ni ule unaofunga upande wa pili wa santuri: "When the Levee Breaks", dakika saba na sekunde chache.

Levee ni tuta. Siyo tuta la viazi, ni lile boma refu la udongo linalojengwa kandokando ya mto ili maji yakijaa yasiingie mashambani na mijini. Kwa hiyo wimbo unaitwa "Tuta Likivunjika". Likumbukeni hilo tuta, tutalirudia.

Kwanza dramu. Kama hujawahi kuusikia, tafuta spika nzuri au hata spika ya masikioni ya mtu mwingine, usisikilizie kwenye simu. Zile sekunde za mwanzo ni mpiga dramu wao, John Bonham, peke yake. Mapigo sabini na ushee tu kwa dakika, mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Lakini kila pigo linakuja na chumba chake. Unasikia kuta, unasikia dari. Wapiga dramu wengi wana nguvu, lakini ule uzito haukutoka mikononi mwake peke yake. Ulitoka kwenye nyumba.

Nyumba inaitwa Headley Grange, iko Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ilijengwa 1795 kuwa makao ya maskini: mtu aliyeishiwa kabisa alipelekwa humo, akapewa kazi, akapewa chakula. Led Zeppelin walipoingia mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1971 ilikuwa nyumba ya baridi na unyevu, haina studio yoyote. Studio ilikuwa nje, kwenye lori. Lile lori ni mali ya bendi nyingine, Rolling Stones, limefungwa mitambo yote ndani, waya zinapitishwa dirishani mpaka chumbani.

Pale mlangoni kulikuwa na ukumbi mkubwa na ngazi zinazopanda ghorofa mbili. Dramu zikawekwa chini ukumbini. Fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maiki mbili, Beyer M160, juu huko kwenye ngazi. Basi. Ngoma ya mguu haikuwekewa maiki yake, wala snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, wala kitu kingine. Maiki mbili tu ziko juu zinasikiliza kinachopanda. Kwa hiyo albamu hii ina ngazi mbili, moja ya kuimbwa na moja ya kurekodia, na mimi naona hii ya pili imefika mbali zaidi.

Nawapa nafasi, nitarudi na mengine.

Chuma Chakavu

Mkuu shusha nondo zote usituache njia panda. Ila kabla hujaenda mbali: hawa jamaa si ndio wale wezi wa nyimbo za weusi? Huu nao si wao.

Mzee wa Kanda

Sio wao, na nitafika huko, tulia Chuma. Ngoja nimalize fundi.

Nani alibuni? Hapa wazee wenyewe hawasemi kitu kimoja. Jimmy Page, mpiga gitaa aliyekuwa pia prodyuza, husimulia kwamba dramu mpya za Bonham zililetwa zikafunguliwa pale ukumbini, zilipopigwa kila mtu akasimama. Andy Johns alisimulia kwamba wenzao walikwenda baa, yeye akamzuia Bonham kwa sababu alikuwa na wazo. Andy alifariki 2013, Bonham alikufa Septemba 1980 akiwa na miaka 32. Aliyebaki ni Page, na mimi sitamtungia ushahidi.

Walipokuwa wamejaribu wimbo huu Desemba 1970 kwenye studio ya kawaida, Island, London, ulitoka mkavu. Jaribio lile lilitolewa 2015 kwa jina "If It Keeps On Raining", msikilize mlinganishe. Watu ni wale wale, mikono ile ile. Kilichokosekana ni ngazi.

Fundi wa Chumba cha Pili

Naomba niongezee kama mtu anayekula kwa kazi hii. Watu wanadhani ni mwangwi wa chumba peke yake. Hapana. Sauti ya zile maiki mbili ilipitishwa kwenye mashine ya mwangwi ya Kiitaliano, Binson Echorec, ndiyo maana ukisikiliza vizuri kila pigo la mguu lina mdogo wake anayelifuata nyuma. Halafu ikabanwa sana na kompresa. Kompresa inashusha kikubwa inapandisha kidogo, kwa hiyo pigo likiisha, chumba kinajitokeza chenyewe kama kinavuta pumzi.

Halafu kuna hila ambayo wengi hawaijui: tepu ilipunguzwa mwendo. Unapiga kwa mwendo wa kawaida, unaporudisha unazungusha polepole, kila kitu kinashuka, gitaa linakuwa zito, harmonika inakuwa kama honi ya meli. Na ile harmonika ya mwimbaji wao, Robert Plant, ina mwangwi uliogeuzwa. Badala ya mwangwi kufuata sauti, unaitangulia. Unasikia kivuli kabla ya mtu.

Mimi nilijaribu hii ya ngazi kwenye jengo moja la ghorofa tatu hapa mjini. Nikapata mwangwi kweli, na ndani yake mlinzi anakohoa, mtoto analia, na mama mmoja anauliza maji yametoka? Nimeiweka mpaka leo.

Binti Kinanda

😂😂 Hiyo ya maji yametoka ungeiacha ndani ya wimbo, si unahusu mafuriko.

Swali: kwa nini sijawahi kuuona wakiupiga jukwaani?

Fundi wa Chumba cha Pili

Waliupiga mara chache mno mwanzoni mwa ziara ya Marekani 1975 wakauacha. Utaupigaje? Ngazi hubebi, tepu ya polepole hubebi. Nusu ya wimbo ni mtambo.

Hata kuuchanganya kulikuwa na kisa. Page na Andy walipeleka tepu zote Los Angeles, studio ya Sunset Sound. Waliporudi London wakazicheza, wakakuta kazi haifai, wakaanza upya karibu albamu nzima. Uliosalimika kutoka ile safari ni huu mmoja.

Mzee wa Kanda

Asante Fundi. Sasa Chuma, nakujia. Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Wimbo ulirekodiwa mara ya kwanza Juni 1929, New York, na watu wawili, mume na mke: Joe McCoy aliyejiita Kansas Joe, na Lizzie Douglas aliyejiita Memphis Minnie. Sahani ya santuri ya Columbia. Gitaa mbili na sauti moja, hakuna dramu hata chembe. Wanaimba kwamba mvua ikizidi kunyesha tuta litavunjika, na likivunjika sina pa kukaa.

Hawakuwa wanatunga fumbo. Aprili 21, 1927, tuta la mto Mississippi lilivunjika mahali panapoitwa Mounds Landing, jimbo la Mississippi. Mafuriko ya mwaka ule yalifunika kilomita za mraba karibu 70,000. Chukua mkoa wa Tabora, punguza kidogo, funika maji. Watu zaidi ya laki sita walikosa makazi, na wengi wao walikuwa weusi, wakulima wa kugawana mavuno kwenye mashamba ya pamba ya mabwana.

Serikali ya Marekani kwa miaka mingi ilishikilia kwamba tuta peke yake linatosha. Mto ukipanda, pandisha tuta. Mto ukipanda tena, pandisha tena. Hawakuupa mto mahali pa kupumulia. Baada ya 1927 ndipo sheria ya 1928 ikaleta mikondo ya kando ya kupunguzia maji. Yaani bunge lilielewa mwaka mmoja baadaye kitu ambacho mtu wa shambani alikuwa anakijua.

Lakini kisa chenyewe kiko Greenville, mji ulio karibu na pale tuta lilipovunjika. Mji ukazama. Ardhi kavu iliyobaki ni mgongo wa tuta lenyewe. Watu weusi kama 13,000 wakakwama juu yake. Meli zikaja. Wanawake na watoto wa kizungu wakapakiwa. Weusi wakazuiwa, kwa sababu wenye mashamba waliogopa kwamba wakiondoka hawatarudi, na pamba itavunwa na nani? Wakabaki kambini juu ya tuta, chini ya askari wenye bunduki, wanafanyishwa kazi ya kubeba magunia na kupakua misaada, wamevishwa vibandiko vya kuonyesha ni wa shamba gani.

Sasa rudi usikilize yale mapigo ya polepole.

Mjukuu wa Nzoia

Mimi ni wa Budalang'i, Busia, upande wa Kenya. Sijui roki hata kidogo, nimeingia kwa sababu ya neno tuta. Huku mto Nzoia ukivunja kingo watu hupanda juu ya hiyo hiyo kingo na mbuzi na magodoro, maana hakuna kwingine. Unalala juu ya kitu kilichokuangusha. Hiyo ya Greenville nimeielewa bila kuelezwa mara mbili, isipokuwa hiyo ya bunduki.

Nimeusikiliza huo wimbo sasa hivi. Ni mrefu lakini nimeufikisha mwisho.

Chuma Chakavu

Sawa mkuu, historia nimeipenda. Lakini hujajibu. Waliwalipa?

Mzee wa Kanda

Ukisoma lebo ya santuri, watunzi wametajwa watano: wanne wa bendi, yaani Bonham, Jones, Page na Plant, halafu Memphis Minnie. Kwa hiyo kwenye huu huwezi kusema walificha. Kwingine ndiyo: "Whole Lotta Love" ilifunguliwa kesi na Willie Dixon 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987, na leo jina lake lipo. Wale jamaa walikuwa na mazoea, sikatai. Na muziki wa huu ni wao kwa sehemu kubwa, maana ukisikiliza ule wa 1929 hutautambua kwa gitaa, utautambua kwa maneno. Ile sehemu ya kwenda Chicago aliiongeza Plant.

Shida yangu ni nyingine.

Binti Kinanda

Ni kwamba bibi hakupata hela?

Mzee wa Kanda

Hilo nalo. Albamu inatoka Novemba 1971, bibi yu hai. Yuko Memphis, kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, amepigwa kiharusi tangu 1960, hawezi kushika gitaa. Alikufa Agosti 1973. Kaburi lake halikuwa na jiwe hadi 1996, mwanamuziki Bonnie Raitt alipotoa fedha. Liko kwenye makaburi ya kanisa dogo huko Walls, Mississippi.

Na siyo bibi wa kuokotwa. Alirekodi nyimbo kama 200. Big Bill Broonzy, mkubwa wa bluzi wa Chicago, alisimulia mwenyewe jinsi walivyoshindanishwa kwa gitaa na Minnie akamshinda, zawadi ikiwa chupa mbili za kileo. Mkesha wa mwaka mpya kuamkia 1943 mshairi Langston Hughes alimkuta klabuni Chicago anapiga gitaa la umeme, akaenda kuandika gazetini kuhusu kelele ile. Roki ilikuwa bado haijapewa jina, na yule mama alikuwa tayari kaichomeka kwenye umeme.

Binti Kinanda

Kwa hiyo ile sauti ya 1929 ni yake? Nimeuweka sasa hivi nasikia mwanaume.

Mzee wa Kanda

Umefika mwenyewe, dada. Ni mwanaume. Anayeimba ni Joe. Minnie hapo anapiga gitaa tu.

Sasa angalia tena yale majina matano ya watunzi kwenye lebo. Joe yuko wapi?

Chuma Chakavu

Duh.

Mzee wa Kanda

Ndiyo. Aliyetia sauti kwenye ule wimbo 1929 hayupo kwenye orodha. Walihamia Chicago wote wawili mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndoa ikavunjika katikati ya muongo, kila mtu akashika lwake. Joe akawa kwenye kundi la Harlem Hamfats. Wimbo wao mmoja wa 1936 aliuandika upya, ukawa "Why Don't You Do Right?", na Peggy Lee alipouimba na bendi ya Benny Goodman 1942 ndio uliomtoa. Kwa hiyo Joe ana nyimbo mbili zinazojulikana dunia nzima, na ukimtaja popote watu wanakuuliza nani? Alifariki 1950. Ilipotoka hii albamu alikuwa na miaka 21 kaburini.

Sidhani ni ubaya wa mtu. Nahisi vijana wa Uingereza walikuwa na santuri iliyoandikwa majina mawili na jina kubwa likabeba dogo. Lakini ndiyo hivyo, mimi kila nikiuweka wimbo huu naanza na Joe.

Mpita Njia 77

Niliingia nikidhani mnajadili Beyoncé, maana dramu hizi ni za "Don't Hurt Yourself".

Fundi wa Chumba cha Pili

Hujakosea, Mpita Njia. Ile ya 2016, aliyoimba na Jack White, imejengwa juu ya hizi hizi. Na siyo ya kwanza. Beastie Boys 1986 wanafungua albamu yao ya kwanza kwa hizi dramu, "Rhymin & Stealin". Dr. Dre 1992, "Lyrical Gangbang". Björk 1995, "Army of Me".

Sababu ni ya kiufundi. Sekunde za mwanzo dramu ziko peke yake, hakuna gitaa wala sauti, kwa hiyo mtu mwenye mashine ya kukata vipande anakata safi kama nyama isiyo na mfupa. Na mwendo ni wa polepole, unafaa kutambia maneno juu yake.

Ila unaowahusu nyie zaidi ni huu: "Return to Innocence" ya Enigma, 1994.

Binti Kinanda

WEE! Ile ya kila harusi na kila tangazo la redio?

Fundi wa Chumba cha Pili

Hiyo hiyo. Dramu chini ni Bonham wa kwenye ngazi. Na ile sauti ya juu inayoita siyo ya kutungwa studio. Ni mzee mkulima wa kabila la Waamis wa Taiwan, Difang, na mkewe Igay. Sauti yao ilirekodiwa walipokuwa kwenye maonyesho Ulaya, ikatumika bila wao kutajwa. Wimbo ukatumika hadi kutangaza Olimpiki ya Atlanta 1996. Wakafungua kesi, ikamalizwa nje ya mahakama 1999.

Chuma Chakavu

Kwa hiyo wimbo mmoja una mume na mke wa Taiwan wasiotajwa, juu ya dramu za wimbo wenye mume na mke wa Marekani, mmoja katajwa na mmoja hakutajwa. Mimi naenda kulala.

Fundi wa Chumba cha Pili

Na ukikata zile dramu, kuna haki mbili tofauti hapo. Kuna haki ya utunzi, hiyo ni ya waliotajwa kwenye lebo. Halafu kuna haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile kwenye ngazi. Mwenye rekodi analipwa. Fundi aliyepanda ngazi na maiki mbili mkononi halipwi kwa kipande, alishalipwa ujira wake. Sisemi nalia, nasema tu.

Mwanafunzi wa Jiografia

Na kimbunga Katrina je? Agosti 2005, New Orleans, kuta na matuta yalivunjika sehemu zaidi ya 50, asilimia kama 80 ya mji ikazama. Filamu ya Spike Lee ya mwaka uliofuata inaitwa "When the Levees Broke", kabadilisha tu wakati wa kitenzi. Miaka 78 baadaye, mto ule ule, na waliobaki juu ya mapaa ni nani? Tuliona wote kwenye televisheni.

Mzee wa Kanda

Kweli, japo hapo maji yalitoka zaidi upande wa ziwa na mifereji kuliko mtoni. Lakini waliobaki juu ya mapaa, hapo sina la kukupinga.

1927 nako New Orleans ilikuwa na kisa chake. Wakubwa wa mji waliogopa maji yatawafikia, wakapata kibali, Aprili 29 wakalipua tuta kwa baruti huko Caernarvon, chini ya mji, maji yakamwagikia majirani wa parishi za chini (parishi huko ni kama wilaya). Mji ulisalimika. Ahadi ya fidia kwa wale majirani iliishia kuwa hela kiduchu. Kwa hiyo kuna matuta yaliyovunjika, na kuna lililovunjwa.

Binti Kinanda

Mzee, nianze na upi? Nataka kuwasikilizisha wenzangu kwaya Jumamosi.

Mzee wa Kanda

Anza na wa 1929, ni dakika tatu tu. Halafu mwanabluzi Charley Patton, "High Water Everywhere", naye alirekodi 1929 kuhusu mafuriko hayo hayo, sauti kama mchanga. Halafu ndipo uweke Zeppelin, na uzime taa.

Binti Kinanda

Nauweka wa 1929 mara ya tatu sasa. Nasikia gitaa mbili, moja inakokota tu chini kama mtu anasukuma mkokoteni, nyingine inarukaruka juu kati ya maneno. Ya bibi ni ipi?

Mzee wa Kanda

Ile inayorukaruka.